Msalaba Uliochipuka

Juzi huko Kitale niliona nguzo ya ua imechipuka majani, nikakumbuka kaburi la babu kule Naitiri. Msalaba wake ulikuwa wa mti mbichi. Alasiri moja nikiwa mtoto, baada ya mvua, udongo ukinukia, niliukuta umetoa majani mawili, nikamkimbilia nyanya jikoni.

“Kukhu, babu ameamka! Si tumfukue haraka, atakosa hewa!”

Aliacha kuchambua maharagwe, akaja, akayashika yale majani.

“Huyo si babu yako. Ni mti tu, bado haujajua umekatwa.”

Siku hizi najua mti mbichi huchipuka hivyo hivyo, hata bila mizizi. Nyanya alilijua hilo siku ile ile. Lakini kiangazi kilipofika, nilimkuta pale kaburini akiumwagilia msalaba maji.