Programu Iliyosogeza Hitma ya Shemeji

Nilipostaafu ualimu, Mwenyezi Mungu alinijaalia macho na subira ya kujifunza kuandika programu. Tovuti ya msikiti wetu, inayotuma matangazo ya hitma na misiba kwenye simu za jamaa, niliitengeneza mwenyewe, viraka juu ya viraka. Kisha nikaihamishia kwenye kiunzi cha kisasa, yaani programu-msingi ya kujengea tovuti. Humo kila tangazo ni kitu kamili: linajua tarehe na saa yake, na linajituma lenyewe kila jioni. Zamani nilichapa maneno tu. Sasa ilinibidi nieleze yote katika faili la mipangilio. Usiku wa Ijumaa nikaupa tarehe ya Ijumaa, saa mbili usiku, wala sikufikiri mara mbili.

Tangazo la kwanza lilikuwa la hitma ya arobaini ya shemeji yangu. Jumatano, baada ya adhuhuri, dada yangu alinipigia, maana yuko kwenye eda ya mumewe na hatoki.

“Kaka, mwanangu kaniandikia atapanda boti Ijumaa asubuhi. Hitma si usiku wa Ijumaa?”

“Ndiyo.”

“Basi atakuja kusalimia masufuria! Simu yangu inasema Ijumaa saa mbili usiku. Hiyo kompyuta yako haikupita madrasa?”

Kwetu siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Hilo nimewafundisha watoto miaka mingi.

Kijana huyo hakuwepo baba yake alipozikwa. Alikuwa kazini bara, mahali penye mtandao wa kubahatisha. Nikampigia, hapatikani. Nikamwandikia ujumbe, lakini jioni programu ingemtumia tena ile Ijumaa, naye angeamini ipi?

Nikasahihisha faili. Nikafungua ukurasa: Ijumaa. Nikasahihisha tena, nikazima, nikawasha: Ijumaa. Nilisimama, nikaketi, nikatoka uani, nikarudi. Chai ikapoa. Alasiri ikaadhiniwa nami bado napekua mistari ileile.

Msikitini, astaghfirullah, akili yangu ilikuwa kwenye faili. Nilipotoa salamu ndipo nikakumbuka: kiunzi huhifadhi nakala ya mipangilio ili kifanye kazi haraka, na huendelea kuisoma nakala hiyo mpaka uifute. Nilirudi nyumbani karibu kwa mbio. Nikaifuta. Alhamisi ikatokea. Nikabonyeza kutuma, na kwa kiherehere nikabonyeza tena, na tena.

Alhamisi nilikuwa gatini Kilindoni, bandari ya kisiwa chetu, kabla boti haijaonekana. Abiria walishuka mmoja mmoja, nami nikatazama kila uso. Alikuwa karibu wa mwisho, begi begani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nimepata matangazo matatu kwa mpigo. Nikajua mjomba kashikwa na wazimu, bora nije leo.”

Nilicheka, alhamdulillahi, na machozi yalinitoka. Usiku ule alisoma juzuu yake ya Kurani akiwa upande wangu wa kulia, sauti ikimkatika, akapumzika, akaendelea mpaka akaimaliza.