Huyo Mama Anaitwa Nani?

Lavender Nyanchera ana duka dogo sokoni Kebirigo, anauza kalamu na karatasi na kuwapigia watu chapa barua zao. Siku za mapumziko huandika, kwa Kiswahili, uhakiki wa muziki wa roki. Naam, roki: magitaa yanayonguruma na wanaume wazima wanaowalilia wanawake ambao hatujapata kuwaona. Ukimuuliza alikosomea kazi hiyo hatakutajia chuo chochote. Atakuambia ni shambani kwa mama yake, upande wa Itumbe, katikati ya michai.

Kwao ni Wasabato, kwa hiyo Jumapili ni siku ya kazi, na kila Jumapili Lavender huenda kumsaidia mama kuchuma. Miaka mitatu iliyopita alikwenda na simu mfukoni mwa aproni, inaimba. Mama yake hajui Kiingereza, na hapendi kabisa mtu azungumze karibu naye maneno asiyoyaelewa.

"Huyo anasema nini?" akauliza.

Lavender akamtafsiria kwa Ekegusii, mstari kwa mstari. Mwimbaji alikuwa akimsihi bebi wake arudi nyumbani. Hilo neno bebi Lavender akalifanya omwana, yaani mtoto, kwa kuwa ndilo lililomjia haraka.

Mama akaacha kuchuma. "Mtoto amepotea, na yeye anapiga gitaa? Si aende kwa chifu?"

Lavender alicheka hadi nusu ya majani ikamwagika kutoka kikapuni. Alipopata pumzi akaeleza kwamba bebi ni mwanamke mzima. Hapo ndipo alipoharibu mambo zaidi.

"Mtu mzima anaitwa mtoto? Kwani hana jina?"

"Hajatajwa, mama."

"Na wakati anaondoka, alisema nini?"

"Wimbo hausemi."

"Basi hiyo ni upande mmoja," mama akasema, akarudi kwenye chai yake. "Hata baraza ya kanisa haihukumu hivyo."

Lavender alikuwa ameupenda muziki huo tangu shule ya sekondari. Alikuwa ameandika kuhusu vidole vya wapiga gitaa na nguvu za wapiga ngoma, kama wavulana wote wanavyoandika, na hata siku moja hakuwa amejiuliza msichana wa kwenye wimbo ni nani. Wiki hiyo alimtumia Duncan, mhariri wa tovuti moja ya muziki kule Nairobi, makala iliyoanza hivi: Mama yangu anauliza, huyu mwanamke anaitwa nani? Wasomaji wakaipenda, na Duncan akataka nyingine.

Ndivyo kazi ilivyoshika kasi. Mama anachuma na kuuliza, Lavender anatafsiri, kisha anakwenda kuandika. Siku moja aliweka wimbo wa mwanamke anayepiga mayowe mwanzo hadi mwisho, akidhani mama atasema uzimwe. Mama akasikiliza hadi tamati. "Huyo amechoka," akasema. "Mwache apige kelele. Mimi nilinyamaza miaka kumi na moja kwa ndoa, na hakuna mtu alinishukuru." Hayo nayo yakaandikwa.

Jina la mama ndilo halikuandikwa, na mama mwenyewe hakuambiwa kwamba maneno yake yanasomwa na watu. Lavender alikuwa na sababu zake. Mama ni shemasi kanisani, huandaa mkate wa meza ya Bwana, na hakuna kazi anayoipenda kuliko hiyo. Mzee wa kanisa, Abner, alikwisha kuhubiri kwamba ngoma za roki humfungulia Shetani mlango. Akisikia shemasi wake anazisikiliza, atamwondolea huo mkate. Tena, mtoto mwenye adabu hatamki ovyo jina la mzazi wake.

Mwaka huu wapenzi wa roki waliandaa mkutano Kisii mjini, Jumapili mchana, na Lavender akaalikwa asome. Moyo wake ulikuwa umejaa shukrani, akaamua mama azisikie kwa masikio yake. Alipanga amsomee makala ya kumshukuru, bila jina, kisha mama arudi nyumbani na ushemasi wake salama.

Vijana walikuja na fulana nyeusi. Mama akakaa safu ya mbele na gauni lake la Sabato, mkoba mapajani. Lavender akasoma. Watu walicheka aliposoma kuhusu chifu na wakapiga makofi mwishoni. Yakaitishwa maswali, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mama.

"Mimi niko na swali. Huyo mama umesoma maneno yake, anaitwa nani?"

Watu wakacheka kidogo. Lavender aliona aibu. Miaka mitatu alikuwa akiwasuta waimbaji kwa kosa hilo hilo, na yeye alikuwa amechukua maneno ya mwanamke na kuliacha jina lake nje.

Akashuka jukwaani, akamwinamia. "Mama, nilikuwa nakukinga. Mzee Abner akisikia..."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Abner nitaongea naye mwenyewe. Akinitoa kwa ushemasi, nitakaa kiti ya nyuma na nitaimba tu." Mama akashusha sauti. "Kwa kituo cha chai wananiita bibi ya Nyakundi, jina ya babako. Sokoni wananiita Mama Lavender. Jina yangu naionanga kwa kitambulisho peke yake. Maneno yangu umeyaweka vizuri, mwanangu, asante. Sasa niweke na mimi."

Lavender akarudi kwenye kipaza sauti. Hilo jina hakuwahi kulitamka mbele ya mwenyewe maisha yake yote.

"Anaitwa Gesare," akasema. "Ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Nakushukuru, Gesare."

"Soma tena," mama akaagiza. "Kutoka juu."

Lavender akasoma tena tangu mstari wa kwanza. Kila palipoandikwa "mama yangu", alisoma Gesare, na kila mara, pale safu ya mbele, mama aliitika kwa sauti ya chini, "Niko hapa."