Timu Nzima Wagonjwa

Ijumaa nilikuwa posta ya Kilifi, nyuma ya nahodha wa timu ya kandanda ya Tezo, timu iliyofungwa kila mechi msimu huu. Alimpa karani simu ya maandishi ya kupeleka kwa wapinzani wao wa Malindi. Karani, mama mmoja wa Takaungu, akaisoma kwa sauti:

"Msije Jumapili. Timu nzima wagonjwa." Akamtazama juu ya miwani. "Nawe pia, mwanangu?"

Foleni ikacheka. Nahodha akainamisha kichwa. "Mimi mzima, mama, ila nimechoka kufungwa."

"Nami hutoka Matsangoni kwa miguu kuja kuwatazama," akasema mzee mmoja nyuma yangu. "Sasa Jumapili niende wapi?"

Karani akamsukumia nahodha fomu nyingine. Nahodha akaichukua, akaandika neno moja: "Njooni."

Wakaja, wakawafunga Tezo mabao manne. Lakini Tezo nao walipata moja, la kwanza msimu mzima, na yule mzee wa Matsangoni akaingia uwanjani akicheza ngoma kwa furaha, refa akimngojea amalize.

Jumatatu niliporudi posta, karani aliniuliza matokeo.

"Tezo wamefunga bao," nikajibu.

"Alhamdulillahi!" Mabao ya Malindi hakuyauliza, nami ni nani hata nimharibie asubuhi yake?