Kichwa cha Jiwe

Ulingoni walimwita Jiwe, maana alipigwa ngumi za kichwa akabaki amesimama, tena anacheka. Alipostaafu akawa kinyozi. Mkewe, fundi cherehani, alishonea chumba hicho hicho, upande wa pili wa pazia, akisikia wateja wakivunjika mbavu kwa porojo za mumewe.

Kisha kicheko kikapungua. Jiwe alianza kusahau anamnyoa nani. Alirusha kiti eti redio inapiga kelele. Jumamosi moja mteja akamtania, "Leo mkono umelewa?" Jiwe akamkaba shingo, wembe bado mkononi.

Mkewe akatoka mbio, lakini sauti akaishusha. "Baba watoto, niangalie mimi. Mimi tu."

Jiwe akamwachia mteja. Naye akatimua mbio na povu usoni.

Mbele ya daktari wa ubongo, Jiwe alichangamka ajabu. "Sina neno, daktari. Kichwa tu kinauma, uzee huo."

Daktari akamgeukia mkewe. "Na wewe mama, umeona nini?"

Mkewe akamtupia Jiwe jicho. Akisema, watarudi nyumbani pamoja. Akinyamaza, vilevile watarudi pamoja.

"Alimkaba mtu, ameshika wembe," akasema. "Na mimi siku hizi nalala na watoto, mlango nimeukomea. Namwogopa."

Jiwe akainuka, ngumi ameikunja. Daktari hakusogea.

"Unaniogopa mimi?" Jiwe akaikunjua ngumi. Akakaa.

Baada ya vipimo na picha za kichwa, daktari hakuwazungusha. Huenda zile ngumi za miaka nenda rudi zimeuharibu ubongo. Kuthibitisha kabisa hakuwezekani mtu akiwa hai, na dawa ya kuuponya haipo. Ila hasira, usingizi na maumivu vinatibika, na kumbukumbu ina mazoezi yake. Pombe marufuku. Ngumi, hata za mzaha, marufuku.

"Kwa hiyo mpaka nife ndiyo mjue?"

"Kujua kwa hakika, ndiyo, mzee. Kukutibu tunaanza leo."

Chumba cha kunyolea kikafungwa. Sasa Jiwe hutia vifungo kwenye nguo anazoshona mkewe. Kuna wiki nzuri, na kuna siku anauliza jambo lile lile mpaka mkewe anatamani kupiga ukelele. Damu ikimpanda Jiwe, huweka sindano chini. "Natoka kidogo," husema, akaenda kuzunguka mtaa.

Mkewe huacha kukanyaga cherehani, akatega sikio kusikia atarudi na hatua za namna gani.