Mchungwa wa Dada

Dada yangu alipougua na kufariki, kabla hajaolewa, nyumba yetu ya Hirbadaw ilifungwa, kama desturi yetu sisi Wairaqw inavyotaka kwa kifo cha namna hiyo: miezi kadhaa jirani haingii, wala sisi hatuendi kwake. Hata salamu zilitupwa kutoka njiani. Nilikuwa mtoto, na niliichukia desturi ile. Bado naichukia kidogo.

Dada alituachia mchungwa. Aliuotesha mwenyewe kwa mbegu ndani ya kopo, akauhamishia nyuma ya jiko, na ulikuwa haujazaa bado. Mama aliusemesha. Aliupa habari za ng'ombe, akanyamaza kama anayengoja jibu, kisha akaendelea. Niliogopa kupita pale, maana siku nyingine mama alicheka.

Ndipo vidukari wakauvamia. Majani machanga yakajikunja, yakanata, sisimizi wakawa wanapanda na kushuka. Mama akaacha kula. Baba alikuwa mpiga dawa kwenye shamba la ngano la serikali, na tangu apewe ovaroli alijiona nusu daktari. Nyumbani alikuwa na chupa ya dawa ya huko. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba ikishapigwa, ngano hunawiri. Angekuwa na wa kumuuliza, angeuliza; lakini tulikuwa tumefungiwa, na mfa maji haachi kutapatapa. Akaupiga mchungwa mpaka ukachuruzika.

Majani yakajipinda kama vidole vya mzee. Matawi yakainama, gome likapasuka. Mama aliendelea kuusemesha hata ulipokwisha kukauka.

Muda wa kufungwa ulipoisha, wa kwanza kuingia alikuwa mama jirani mwenye milimau yake. Aliinusa chupa, akasema hiyo ni dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Ngano haidhuriki kwa kuwa ni jamii ya nyasi. Vidukari, alisema, huoshwa kwa maji ya sabuni tu. Hakusema kwa ubaya, lakini nilitamani angenyamaza.

Alipoondoka, baba aliketi kwenye gogo, akasema yeye ndiye aliyeuua. Mama alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Usijilaumu, baba watoto. Na binti yetu pia tulimpa dawa."

Tangu siku hiyo, mmoja wetu akiugua, baba alitoka nje, na hakurudi ndani mpaka aambiwe kwamba mgonjwa ameshameza dawa.