Makubazi ya Muuaji

Saa moja asubuhi. Rangrao Satpute amechuchumaa kibarazani, mtaa wa mafundi ngozi hapa Kolhapur, anapanga mbegu kavu katikati ya tabaka mbili za ngozi. Anashona. Anavaa kubazi moja, anakanyaga, anatega sikio. Krii hafifu, ya kusikilizwa kwa shida. Anatikisa kichwa na kuanza kufumua.

"Bado halijasema," ananiambia mimi, mwandishi niliyekuja kumhoji.

Mteja wa huku hanunui makubazi bubu. Mtu akitoka nyumbani kwake, jirani sharti ajue katoka.

Lakini leo mawazo ya Rangrao hayako kwenye ngozi. Ndani, mama yake, Hausabai, mwenye miaka sabini na minne, anapakwa mafuta ya nywele. Amejifunga sari ya yadi tisa iliyotolewa sandukuni. Saa sita mchana anakwenda sinema kumtazama mwanawe akichinja watu.

Ndiyo, huyu fundi mpole wa miaka arobaini na saba, anayeomba radhi akimkanyaga paka, ndiye muuaji wa filamu ya *Amefika*, yule mwenye kinyago cha ngozi ya mbuzi aliyemaliza watu kumi na mmoja kwenye mashamba ya miwa. Alilipwa rupia elfu moja na mia mbili kwa siku, kwa siku kumi na nane. Pesa hiyo iliezeka paa.

Aliipataje kazi? Watengenezaji wa filamu walikuja kununua makubazi. Mwongozaji, kijana anayeitwa Nimbalkar, akamwambia ajaribu kutembea kwa kutisha.

"Kutisha nitajulia wapi mimi?" anasema Rangrao, akicheka. "Nikatembea kama baba. Nyati wa kufugwa alimkanyaga mguu wa kushoto, akawa anauburuta mpaka anakufa. Yule kijana akaruka kama kaungua. 'Ndiyo huyo huyo!' akasema."

Baba huyo alikufa miaka kumi na tisa iliyopita. Hausabai hajawahi kulitamka jina lake, kama walivyo wanawake wa rika lake. Kwake ni "mwenyewe" tu.

Filamu ilipotoka, mtaa haukuamini. Sura haikuonekana hata mara moja. Jirani yao, Akkatai, ambaye mdomo wake haujui likizo, alisema palepale kisimani: "Ndani ya kinyago kile hata mbuzi mwenyewe angetosha!"

Hausabai akamjibu asubiri sehemu ya pili, kinyago kitavuliwa. Nimbalkar alikuwa ameahidi. Basi bibi akasubiri miaka mitatu. Jicho la kulia likafunga kabisa, la kushoto likaingia ukungu, na hospitali hataki kusikia. Anaogopa kisu cha daktari kuliko cha mwanawe.

Asichokijua ni kwamba siku ya kuvua kinyago, Rangrao aliambiwa akae pembeni. Kikavaliwa na mwigizaji mzuri wa sura kutoka Mumbai.

"Miezi minane nimemficha mama yangu mzazi," ananiambia, sindano imesimama hewani. "Leo atatafuta sura yangu kwa kile kijicho kimoja, mbele ya mtaa mzima. Nitamwambia nini?"

Saa sita tuko ndani. Hausabai amekaa katikati yetu, karanga za kukaanga zimefungwa kwenye ncha ya sari. Nyuma yetu, nani? Akkatai.

*Amefika Tena* inaanza, na niseme haki: nusu ya kwanza inasisimua. Msichana yuko peke yake kwenye miwa. Haonekani mtu. Krii. Kimya. Krii, na mguu unaburuzwa. Ukumbi mzima umeshika pumzi, na mimi mwenyewe nimekunja vidole vya miguu. Hausabai ameinamisha kichwa pembeni, karanga amezisahau mkononi.

Baada ya mapumziko, ole wetu. Damu inafanana na maji ya kiazisukari. Maiti mmoja anajikuna pua. Msichana anaanguka mara tatu kwenye sakafu tambarare. Kisha muuaji, ambaye hajawahi kusema neno, anahutubia dakika nane nzima kuhusu utoto wake. Na miguuni, sijui kwa nini, amevaa mabuti ya mpira; krii imetoweka, ni vishindo vya mabuti tu.

Kinyago kinavuliwa. Kijana wa Mumbai anang'aa kama sahani mpya. Watu wanapiga miluzi.

"Hausabai!" Akkatai anainama mbele, akimtaja Rangrao kwa jina lake la utotoni. "Huyo ndiye Rangya wako? Pua ilinyooka lini?"

Safu nzima inacheka. Rangrao ameficha uso viganjani.

Nje, juani, tunatembea mpaka kwenye mti wa mwarobaini. Rangrao anashindwa kuvumilia, anainama kumgusa miguu.

"Mama, nisamehe. Ile sura..."

"Sura gani? Mimi naona ukungu tu! Sura yako nimeipangusa kamasi kwa mkono huu, nikaitazame kwa tiketi?" Anamchapa begani. "Nani alikuvisha mabuti?"

"Walisema makubazi yanateleza kwenye matope, mama."

"Yateleze! Mpaka mapumziko nilikuwa namsikia mwenyewe anarudi nyumbani. Anatoka kwenye miwa, anauburuta mguu wake, nami nimekaa namngoja. Alikuwa keshakaribia, Rangya. Wewe ukavaa mabuti, ukamfukuza."

Bibi analia wazi, bila kujifunika. Rangrao naye analia. Akkatai, aliyekuwa anatufuata na kicheko chake, anasimama, anazitazama ndara zake za plastiki, kisha anapita upande wa pili wa barabara.

Hatimaye Rangrao anajipangusa na kutangulia. Amevaa makubazi yake mwenyewe. Anauacha mguu wa kushoto nyuma kidogo, anauburuta. Krii. Hausabai ananikabidhi fimbo yake na kuufuata mlio huo, mikono mitupu.

Namuuliza Rangrao kuhusu sehemu ya tatu, ambayo Nimbalkar ameshaanza kuizungumzia.

"Sura wabaki nayo," anasema bila kugeuka. "Nitadai makubazi, mwanzo mpaka mwisho. Nataka afike."

Nyuma yake mama anakemea.

"Acha maneno, tembea! Sikusikii."