Maandishi ya Baba Mkwe

Fundi huyu wa rangi mtaani walimwita Kioo, kwa kuwa mlango wa gari ukishapita mikononi mwake unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Sifa hiyo ilikuwa imempanda kichwani, tuseme ukweli. Mama mkwe wake alipomletea mashine ya boti ya marehemu mzee, kuukuu, rangi imebabuka na stika zimefifia, yeye alishaanza kuiona inang'aa kabla mama hajamaliza kusema. Na mama alikuwa na sharti moja tu: aipake rangi, abandike stika mpya, lakini maandishi ya mkono yaliyo ubavu wa kulia wa kava asiyaguse.

Upande huo stika ya kiwandani ilibanduka zamani, mzee akaliandika jina la kampuni mwenyewe kwa brashi, mkono tayari unatetemeka kwa maradhi. Herufi zilikwenda kombo, kila moja na njia yake. Mzee ndiye yuleyule aliyewahi kusema mbele za watu kwamba binti yake kaolewa na mpiga chokaa. Labda ndiyo maana Kioo aliitikia "sawa, mama" kwa mdomo tu. Alipiga msasa kava lote, akapuliza rangi, akabandika stika mpya pande zote mbili, kisha akarudi nyuma kuitazama kazi yake huku akitabasamu.

Mkewe alipomletea chakula cha mchana gereji, aliizunguka mashine mara moja tu.

"Yako wapi maandishi ya baba?"

Tabasamu likamkauka. Vumbi la msasa bado lilikuwa sakafuni, na hakuna fundi awezaye kulizoa likawa tena mkono wa mzee. Alijiona mtu mbaya, na hakuwa anajisingizia. Mkewe alimtaka akamweleze mama ukweli. Akaahidi, halafu roho ikamruka. Badala ya kwenda, alibandua stika ya kulia, akashika brashi kwa mkono wa kushoto ili itetemeke, akafanya mazoezi kwenye boksi hadi herufi zikapinda kama za mzee. Akaziandika juu ya kava, na zilipokauka akazisugua kidogo zichakae.

Mama alipokuja hakuitazama hata ile rangi mpya. Aliinama, akapitisha kidole juu ya herufi moja moja, akalia. Kioo aliomba ardhi ipasuke immeze. Mkewe aligeuka akatazama mlangoni.

"Mwanangu," mama alisema, "tangu nikuachie hii mashine sijalala vizuri. Nilijiambia, huyu na msasa wake hatanisikiliza. Nimekudhania vibaya. Nisamehe."

Akamshika mkono, akawa anasubiri.

"Nimekusamehe, mama," Kioo akasema.